Tegu wa nguruwe na kifafa: mambo ya kujua kwa wafugaji na makanisa

Katika vijiji vyetu vingi vya mashariki mwa Kongo nguruwe ni akiba ya nyumba. Siku ya kulipa masomo ya watoto au deni la uzazi, mama humtoa mmoja zizini na kumwuza. Makanisa pia hugawa watoto wa nguruwe kwa wajane, na hiyo ni kazi njema. Lakini kuna mnyoo anayepita kati ya nguruwe na mtu, na madhara yake makubwa huonekana mahali ambapo wengi hawatazamii: katika kichwa cha mwanadamu.

Mnyoo huyu ni nani?

Anaitwa tegu wa nguruwe, na wengi wetu humjua kwa jina la tenia. Ni bapa kama utepe, ana vipande vipande, na anaweza kufikia urefu wa mita kadhaa. Tegu mzima huishi katika utumbo wa mtu tu. Mtu humpata kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vyeupe vya tegu, vidogo kama punje za mchele au mbaazi. Baada ya miezi miwili hivi, tegu amekua na anaanza kutoa mayai kwa maelfu. Mayai hayo hutoka na choo kikubwa, na mara nyingi mwenye tegu hasikii maumivu yoyote.

Nguruwe anayezurura akila kinyesi cha mtu huyo humeza mayai. Mayai huanguliwa, yanaingia katika damu na kugeuka vifuko ndani ya nyama yake. Basi tusimlaumu mnyama. Nguruwe hupata ugonjwa huu kutoka kwetu.

Ubongo unaingiaje?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo tusome polepole. Anayekula nyama yenye vifuko hupata tegu tumboni. Anayemeza mayai hupata vifuko mwilini, sawasawa na nguruwe. Mayai hayatoki katika nyama. Yanatoka katika kinyesi cha mtu. Huingia kinywani kwa mikono isiyonawiwa, kwa mboga mbichi au kwa maji machafu. Vifuko hukaa katika misuli, katika macho na katika ubongo. Vikiwa katika ubongo, huleta maumivu makali ya kichwa na kifafa, pengine baada ya miaka.

Kwa sababu hiyo, hata asiyekula nguruwe hayuko salama. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walichapisha habari za Wayahudi wanne wa New York wenye kushika sana sheria ya vyakula, waliopata vifuko vya tegu wa nguruwe katika ubongo. Uchunguzi ulielekea kwa watumishi wa nyumbani waliotoka nchi zenye ugonjwa huo, maana wao ndio waliopika chakula.

Hapa Kongo, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka kijiji kimoja cha Bas-Congo ulikuta dalili za vifuko katika damu ya zaidi ya mtu mmoja kati ya watano. Wengi wao hawakujihisi wagonjwa. Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba, mahali ugonjwa huu ulipoenea, karibu asilimia 30 ya kifafa husababishwa na tegu huyu. Si kila kifafa, basi. Kuna kinachotokana na malaria kali ya utotoni, na uzazi mgumu, au na majeraha ya kichwa.

Kujikinga

Jenga choo na kukitumia, watoto pia. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na baada ya kutoka chooni. Hii inamhusu hasa anayepikia wengi: katika malewa, katika arusi, katika semina za kanisa.

Funga nguruwe zizini. Najua kumfunga ni kazi, maana lazima umtafutie majani na maji kila siku. Lakini anayezurura hula uchafu wa kijiji kizima.

Wakati wa kuchinja, mwite mkaguzi wa nyama au daktari wa mifugo. Nyama yenye vifuko isiuzwe wala isigawiwe. Brosheti iliyoungua nje na bado nyekundu ndani ni hatari. Nyama iive mpaka katikati.

Daktari wa mifugo anayo dawa ya oksfendazoli inayoua vifuko katika nguruwe. Ukimpa, subiri siku utakazoambiwa kabla ya kuchinja.

Anayeona vipande vyeupe bapa katika choo chake aende kituo cha afya; tegu ana dawa. Lakini mgonjwa wa kifafa asinunue dawa ya tegu dukani bila daktari. Vifuko vikifa kwa ghafula katika ubongo, uvimbe unaweza kuzidisha kifafa.

Neno kwa wachungaji

Katika kanisa nililotumikia zamani, dada mmoja alikuwa akianguka. Tulimwombea na kufunga miaka miwili, na hakuna kati yetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyemwambia aende kwa muuguzi. Siku moja alianguka motoni, na watu waliogopa kumshika kwa sababu ya povu. Mkono wake haukupona sawasawa. Alipoanza vidonge alikaa miezi mingi bila kuanguka.

Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa povu. Mtu akianguka, mwondoe karibu na moto na maji, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani. OMS inasema kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa na kuimeza kila siku.

Tuendelee kuomba, na tumsindikize mgonjwa mpaka kituo cha afya. Tena tusione haya kuhubiri juu ya choo: Kumbukumbu la Torati sura ya 23 linawaagiza Waisraeli kuchimba nje ya kambi na kufunika uchafu wao. Kanisa linalogawa nguruwe kwa wajane liulize kwanza kama kila nyumba ina choo na zizi.