Maji Ndani ya Gunia

Wakulima wengi wa kahawa walidhani kazi ya karani wa chama cha msingi ni mizani na leja. Mimi niliifanya kazi hiyo miaka mingi kwenye mitelemko ya Mlima Meru, na ninachokumbuka zaidi ni vita na maji yasiyoonekana.

Vita hivyo ni vya zamani kuliko kahawa. Babu zetu walihifadhi mahindi na ulezi darini, juu ya jiko. Moshi ulikausha nafaka na kufukuza wadudu hata wakati wa masika. Kahawa ilipoingia enzi za Wajerumani, kupitia misheni na mashamba ya walowezi, kisha ikasambaa kwenye vihamba vya wenyeji, maarifa hayo yaligonga mwamba. Kahawa huvuta harufu upesi, na ikinuka moshi daraja linashuka. Ikabidi watu wajifunze kukausha bila moto, mlimani ambako mwezi wa Julai ukungu hushuka hadi kwenye migomba.

Jibu likawa kichanja: nguzo, wavu na jua. Kahawa mbivu humenywa, huvundikwa siku moja hadi tatu, huoshwa, kisha huanikwa ikiwa bado zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Lazima ishuke hadi asilimia 11 au 12. Akina mama ndio walioshinda vichanjani wakigeuza na kuchambua, wakifunika saa za jua kali ili ganda lisipasuke, na kufunika tena jioni umande usije. Kipimo kilikuwa macho na meno. Ukimenya ganda, punje mbichi ni nyeupe na laini. Baadaye huwa nyeusi. Ikikauka sawasawa ina rangi ya kijani cha bluu, na ukiiuma jino haliingii.

Ikifika ghalani, vita vinaanza upya, maana kahawa kavu hunywa unyevu wa hewa. Hewa ya ghala ikikaa kwenye unyevu wa asilimia 65, kahawa hutulia karibu na 12. Ikipanda 80, gunia lililoletwa kavu hulowana bila kunyeshewa, na likishapita 13 kuvu huanza kujitokeza. Kwa hiyo magunia tuliyapanga juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, tukiacha njia ya hewa katikati. Madirisha hatukuyafungua alfajiri, bali ukungu ukishapanda, yapata saa nne. Siku za mvua ya vuli tuliyafunga kutwa. Mgeni angesema ghala linahitaji hewa. Hakujua hewa ile imebeba nini.

Lakini unyevu ni uzito, na uzito ni fedha. Gunia la kilo 50 lenye asilimia 12 ya maji, likiachwa lifike 16, linavuka kilo 52. Mkulima akileta kahawa mbichi analipwa kwa maji. Tofauti itaonekana mjini Moshi, kwenye kiwanda cha kukoboa kilichoanzishwa mwaka 1920, na hasara itagawanywa kwa wanachama wote kwenye malipo ya pili, yale yanayotolewa kahawa ikishauzwa. Ndiyo maana mizani yangu ilikuwa uwanja wa mabishano.

"Mwanangu, hii ina wiki mbili juani," mzee ananiambia.

"Shikamoo mzee. Hebu tuume wote wawili."

Anauma, anacheka, anabeba gunia lake kurudi kichanjani. Hakunikasirikia, kwa sababu alijua jirani yake naye atarudishwa.

Desturi hiyo ilipita mitihani mikubwa. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, navyo vikarudi baada ya sheria ya 1982. Kilichoitikisa zaidi ni msimu wa 1994/95, wanunuzi binafsi walipoingia sokoni. Wengi walinunua fedha mkononi hadi mlangoni, kahawa ya leo na ya jana kwa bei moja. Mama aliyefunika kichanja chake kila jioni alilipwa sawa na aliyeanua mapema, tena aliyeanua mapema aliuza na maji.

Siku hizi kipo kifaa kinachosoma unyevu kwa dakika moja, na nakipenda. Ila kifaa hakiwezi kumrudisha mtu kichanjani. Kinachomrudisha ni bei inayotofautisha kavu na mbichi, na jirani anayepimwa kwa kipimo kilekile.