Spana Moja ya Kwale

Nianze na pampu, nitafika kwenye kompyuta.

Katika miaka ya 1980, mradi wa UNDP na Benki ya Dunia ulikuja Kwale kutafuta pampu ya mkono ambayo mwanakijiji ataitengeneza mwenyewe. Walianza na Maldev ya Malawi, wakairekebisha hapa pwani ya kusini ya Kenya mpaka ikawa Afridev. Shirika la KWAHO liliziandaa jamii, na kina mama wakafundishwa kuifungua kwa spana moja. Michoro haikufichwa: kiwanda chochote kinaruhusiwa kuiunda.

Novemba 2001, IBM nayo iliachia bure karakana ya waandishi wa programu iitwayo Eclipse. Ubure huo si hoja sana. Hoja ni kwamba karibu kila kilichomo, hata kihariri cha Java, kilikuwa programu-jalizi iliyochomekwa kwenye kiini kidogo. (Kihariri cha Emacs kilikubali nyongeza za watumiaji wake tangu 1976, ila kilitaka ujue lugha ya TECO, na baadaye Lisp.) Aliyetaka kuongeza kitufe hakugusa msimbo wa IBM. Aliandika faili ya plugin.xml, akataja humo anachomeka kwenye tundu lipi, na kitufe kikibonyezwa iitwe klasi ipi ya Java. Kazi ya mwanagenzi ni kulijua tundu. Java yenyewe huwa mistari michache. Akikosea herufi moja ya jina la tundu, kitufe hakitokei, na mara nyingi hakuna onyo lolote mbele yake. Hapo ndipo jasho lilipowatoka wengi.

Kwetu somo hili la programu-jalizi lilichelewa. Eclipse ilikuwa mzigo wa megabaiti zaidi ya mia, na kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti kwa bei ya kuumiza. Ikaja Android, na Google ikawapa waundaji wa programu za simu kiambatisho cha Eclipse kiitwacho ADT. Waliokizoea hawakukaa nacho sana: Desemba 2014 ikatoka Android Studio, iliyojengwa juu ya IntelliJ, wakafungasha virago.

Erich Gamma, Mswisi aliyeongoza zana za Java za Eclipse, alikwishahamia Microsoft mwaka 2011. Timu yake ndiyo iliyotoa kihariri cha Visual Studio Code mwaka 2015. Tundu ni lile lile, ila sasa hutajwa ndani ya package.json, na kwa maoni yangu ni rahisi zaidi kuliko plugin.xml.

Afridev nayo ilichomekewa kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walibuni kifaa kidogo kinachokaa ndani ya mpini, kikahesabu mapigo ya mkono na kutuma hesabu hiyo kwa ujumbe wa simu. Mpini ukinyamaza, fundi anajua. Walipokijaribu Kyuso, huko Kitui, muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya 3. Baadaye kikafungwa kwenye pampu za Kwale, kwao Afridev.

Kijana wa Ukunda au Msambweni anayetaka kuanza hahitaji kibali cha mtu. Apakue Visual Studio Code, aunde package.json ya programu-jalizi yake, aandike amri moja tu, aone kama itatokea.