Garimoshi la kielelezo likizima ghafla: Chunguza reli kabla ya kufungua injini

INJINI ya garimoshi la kielelezo iliyokuwa ikizunguka vyema inaposimama ghafla, wengi hukimbilia bisibisi. Aghalabu huo ndio mwanzo wa hasara. Skrubu ndogo hupotea, nyaya nyembamba hukatika, na mwishowe hubainika kuwa injini haikuwa na kasoro yoyote bali reli ndiyo iliyokuwa chafu.

Kanuni muhimu ni kuanzia nje na kuelekea ndani. Kwanza huchunguzwa umeme, pili reli, tatu magurudumu, na mwisho kabisa mota.

Maelezo haya yanahusu hasa magari ya kipimo cha HO, ambacho kimeenea sana duniani. Katika kipimo hiki gari halisi hupunguzwa mara 87, na nafasi kati ya vyuma viwili vya reli ni milimita 16.5. Hata hivyo, mengi ya yanayoelezwa hapa yanafaa pia kwa kipimo kidogo cha N, chenye reli ya milimita 9, na kile cha OO kinachopendwa nchini Uingereza.

Safari ya umeme

Katika mfumo wa kawaida, kidhibiti mwendo hupeleka relini umeme usiozidi volti 12 hivi, wa mkondo wa moja kwa moja kama ule wa betri. Umeme huo hupitia chuma kimoja cha reli, huingia katika magurudumu ya upande huo, na kufikishwa kwenye mota na vibanzi vyembamba vya shaba vinavyogusa magurudumu. Kisha hurudi kupitia magurudumu na chuma cha upande wa pili.

Mzunguko huu ukikatika mahali popote, hata kwa uzi mmoja wa zulia, injini husimama.

Mfumo wa jadi wa kampuni ya Märklin ya Ujerumani, iliyoasisiwa mwaka wa 1859, ni tofauti kidogo. Huo hutumia mkondo geu, na umeme huingia kupitia vinundu vilivyopangwa katikati ya reli. Injini huvigusa kwa kibanzi cha chuma kilicho chini ya tumbo lake. Mwenye gari la aina hii hana budi kukagua kibanzi hicho pia, kwani kikipinda au kikichafuka, gari halitasonga.

Jaribio la kwanza

Iwapo una injini ya pili, iweke mahali pale pale ilipozimia ya kwanza. Nayo ikikataa kusonga, tatizo liko kwenye reli, nyaya au kidhibiti. Ikienda vyema, basi kasoro imo katika injini ya kwanza.

Asiye na injini ya pili anaweza kutumia betri ya volti 9. Unganisha nyaya mbili kwenye betri, kisha gusisha mmoja kwenye magurudumu ya kulia na mwingine kwenye ya kushoto. Magurudumu yakizunguka, injini ni nzima. Jaribio hili ni la magari ya mkondo wa moja kwa moja yasiyo na kifaa cha dijitali ndani yake.

Taa pia hutoa ushahidi. Taa ikiwaka ilhali gari limesimama, umeme unafika na kasoro huenda ikawa kwenye mota au gia. Isipowaka, geuza kwanza mwelekeo wa safari, maana taa nyingi za mbele huwaka tu gari linapokwenda mbele.

Kidhibiti na mgusano wa vyuma

Vidhibiti vingi hujizima vyenyewe umeme unapopita kiasi. Hali hiyo hutokea vyuma viwili vya reli vinapounganishwa na kitu kama sarafu, skrubu iliyoanguka au gurudumu lililotoka njiani. Ondoa magari yote relini, tafuta kitu hicho, kisha subiri dakika chache kidhibiti kipoe kabla ya kujaribu tena.

Kosa jingine hutokana na mpangilio wa njia. Reli ikizunguka na kujirudia yenyewe, chuma cha kulia hukutana na cha kushoto na umeme hugongana. Njia ya namna hiyo huhitaji sehemu iliyotengwa na swichi yake.

Msomaji wa Kenya aliyeletewa seti kutoka Marekani asome kibandiko cha transfoma kabla ya kuichomeka. Umeme wa Marekani ni volti 120, ilhali wa hapa nchini ni volti 240. Transfoma ya volti 120 pekee itaungua ikichomekwa moja kwa moja ukutani, na inaweza kuzua moto. Fauka ya hayo, transfoma yenyewe isifunguliwe nyumbani kwa hali yoyote, kwani ndani yake mna umeme wa kuua.

Reli na magurudumu

Uchafu ndio adui mkuu. Vumbi, mafuta na weusi unaotokana na cheche ndogo hujenga utando unaozuia umeme kupita. Dalili yake ni gari kusitasita, taa kumetameta, kisha kuzima. Na ukilisukuma kidogo kwa kidole, huondoka tena.

Zima umeme, kisha pangusa juu ya reli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili. Magurudumu yasafishwe kwa pamba ya kijiti. Usiyalazimishe kuzunguka kwa mkono, kwani katika injini nyingi gia hazikubali kuzungushwa kutoka upande wa magurudumu, na zinaweza kuvunjika. Subiri alkoholi ikauke kabisa kabla ya kurejesha umeme.

Usitumie msasa, kwani mikwaruzo yake huhifadhi uchafu. Hatari zaidi ni sufu ya chuma: vipande vyake hunaswa na sumaku ya mota, vikaingia ndani na kuiunguza.

Iwapo injini huzimia mahali pamoja tu, kagua viungio vya reli vya sehemu hiyo. Vikilegea au kushika kutu, umeme hupotea. Vibane kwa koleo au uviweke vipya. Kadhalika, angalia swichi za kubadilishia njia, kwa sababu baadhi yake hupeleka umeme kwenye njia iliyofunguliwa peke yake. Gari lililo kwenye njia iliyofungwa litabaki limesimama bila kosa lolote.

Ndani ya injini

Hapa ndipo bisibisi hutumika. Tandika kitambaa cheupe mezani na upige picha kila hatua ili kurahisisha kuunganisha tena.

Anza na vibanzi vya shaba. Ondoa nywele na nyuzi, kisha uhakikishe kila kibanzi kinagusa gurudumu lake kwa wepesi. Tazama pia kama kuna waya uliong'oka kwenye lehemu.

Mota ikitoa mvumo pasipo kuzunguka, kata umeme mara moja. Mota iliyokwama hufyonza umeme mwingi, na koili zake zaweza kuungua kwa muda mfupi. Kwa kawaida kilichoikwamisha ni grisi ya zamani iliyoganda au uzi uliojisokota kwenye ekseli. Safisha, kisha tia tone dogo la mafuta mepesi yasiyodhuru plastiki. Mafuta ya kupikia hayafai, kwani hugeuka gundi.

Mota isipotoa sauti yoyote ingawa umeme unaifikia, kagua brashi zake za kaboni. Brashi huisha kwa matumizi, nazo springi zake hulegea. Unga mweusi hujaa pia katika nyufa za mhimili wa shaba unaoguswa na brashi hizo. Uondoe kwa kijiti cha kuchokolea meno. Mota zilizofungwa kabisa hazitengenezeki, na dawa yake ni kuweka nyingine.

Mota ikizunguka huku magurudumu yametulia, huenda gia imepasuka kwenye ekseli au kiungo cha mhimili kimechomoka. Ufa wa gia hujitangaza kwa mlio wa tik-tik gari linapokwenda.

Wenye magari ya kale wajihadhari na maradhi ya zinki. Zinki iliyochanganyika na risasi hufura na kupasuka kadiri miaka inavyosonga, hata ikabana gia. Sehemu iliyofikia hali hiyo haina tiba ila kubadilishwa.

Magari ya dijitali

Katika mfumo wa dijitali, injini hubeba kifaa cha elektroniki kinachopokea amri kwa nambari maalumu. Injini mpya nyingi huwekewa nambari 3. Hakikisha kwanza kwamba kituo cha amri hakiko katika hali ya kusimamisha magari yote, na kwamba unaita nambari sahihi.

Jibu lisipopatikana, vifaa vya kampuni nyingi hurejeshwa katika hali ya kiwandani kwa kuandika thamani 8 katika kigezo nambari 8. Soma kijitabu kwanza, kwa kuwa hatua hiyo hufuta mipangilio yote. Aidha, usiguse mota kwa nyaya za betri ikiwa bado imeunganishwa na kifaa hicho, kwani waweza kukiharibu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kupangusa reli mara kwa mara na kutia mafuta kwa kiasi kutaiepusha injini na bisibisi kwa miaka mingi.