Nyuzi Rejevu, si Nyuzi Nyumbufu

Katika tishu unganishi, yaani tishu inayoshikanisha viungo vya mwili na kuvipa umbo, mna nyuzi ambazo huvutika kisha zikarudia urefu wake wa awali, nazo ndizo ambazo kamati zisizojali kuwauliza wenye kuzichunguza zimeziita "nyuzi nyumbufu". Jina hilo limepotoka tangu mzizi wake, kwa kuwa kunyumbua ni kupinda kitu bila kukivunja, na fimbo iliyonyumbuliwa juu ya moto hubaki vivyo hivyo ilivyopindwa, ilhali sifa ya nyuzi hizi ni kurejea. Wako pia wanaoshikilia "nyuzi za mpira", jina ambalo msomaji wa Kinoru, mjini Meru, atalihusisha kwanza na uwanja wa kandanda wa hapo, na ambalo kikemia halina msingi, maana mpira hutokana na utomvu wa mti na umejengwa kwa kaboni na hidrojeni, na nyuzi hizi ni protini.

Istilahi inayostahili ni nyuzi rejevu. Kama potea ilivyozaa -potevu na legea ikazaa -legevu, ndivyo rejea inavyozaa -rejevu. Na hoja kwamba neno lenye asili ya Kiarabu halifai kubebeshwa kiambishi cha Kibantu inashangaza ikitoka kwa watu wanaoandika -sahaulifu, -stahimilivu na -badhirifu kila siku bila kusita. Hata kitenzi cha Kigiriki kilichozaa jina lao la kigeni, "elastic", kilimaanisha kusukuma na kufua chuma, wala hakikutaja kurudi. Kiswahili hakina sababu ya kurithi upungufu huo.

Kiini cha uzi rejevu ni protini ya elastini, iliyozungukwa na vijiuzi vya fibrilini, na minyororo yake hufungwa pamoja na desmosini, inayoundwa kwa asidi amino 4 za lisini kwa kazi ya kimeng'enya kinachohitaji shaba, ili isiteleze ikaachana inapovutwa. Wauza nyama wa Meru wanaufahamu ukano wa manjano wa shingo ya ng'ombe, uliojaa elastini, ambao haulainiki hata ukichemshwa kutwa, wakati kolajeni ya makongoro huyeyuka na kuigandisha supu inapopoa.

Maabarani, rangi za hematoksilini na eosini hazizibainishi vyema nyuzi rejevu. Orseini, itokanayo na kuvumwani za Roccella, ambazo Zanzibar ilizisafirisha ng'ambo katika karne ya 19, huzitia hudhurungi, na mbinu ya Verhoeff ya mwaka 1908 huzitia weusi.

Wahariri wa vitabu vya biolojia na waandike nyuzi rejevu kuanzia toleo lijalo.