Malezi ya Mtoto Mwenye Kipaji katika Kongo ya Kikoloni: Stefano Kaoze na Njia ya Seminari

1. Utangulizi

Wahenga walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii yataja wajibu wa mlezi, lakini haisemi mlezi huyo anamlea mtoto kwa ajili ya nani. Katika historia ya elimu ya Kongo, swali hilo ni zito hasa kwa habari ya watoto waliojaliwa akili ya pekee. Maisha ya Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kupewa upadre katika zama za kisasa, yanasaidia kulijibu.

2. Kutoka Marungu hadi Mpala

Kaoze alizaliwa mnamo mwaka 1886 katika nchi ya Watabwa, kwenye milima ya Marungu, magharibi ya ziwa Tanganyika. Katika jamii ile kipaji kilitambuliwa kazini. Mtoto mwenye kumbukumbu njema aliketi karibu na wazee waliotunza habari za ukoo. Mwenye mkono wa ufundi aliwekwa karibu na mhunzi. Mlezi na mtoto walikuwa wa ukoo mmoja au wa kijiji kimoja, na elimu iliyopatikana ilibaki hapo hapo.

Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Mpala, ambacho Émile Storms alikuwa amekijenga mwaka 1883 kwa ajili ya Shirika la Kimataifa la Afrika. Wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa kwa sehemu kubwa watoto waliokombolewa utumwani. Kiswahili, lugha iliyokwisha kuenea pande zote mbili za ziwa, kikawa lugha ya misheni. Baadaye Victor Roelens, aliyefanywa askofu mwaka 1896, alitaka kupata walimu na makatekista wenyeji. Mwishoni mwa karne ya 19 alipiga hatua nyingine: wavulana wachache walioonekana kuwa na akili kuliko wenzao walitengwa na kufundishwa Kilatini. Kaoze alikuwa mmoja wao.

3. Mlango mmoja

Safari hiyo ilikuwa ndefu mno. Kaoze alipitia Kiswahili, Kilatini na Kifaransa, kisha falsafa na teolojia, kwa karibu miaka 18, mpaka alipopewa upadre huko Baudouinville, yaani Kirungu karibu na Moba, tarehe 21 Julai 1917. Si wote walioanza safari waliofika. Aliyetoka seminarini hakuwa na shule nyingine ya juu ya kuingia. Kwa kawaida alirudi kuwa katekista, mwalimu wa kijijini au karani.

Ikumbukwe kwamba kipaji kilipimwa kwa haja ya mpimaji. Misheni ilihitaji mapadre, nayo ikatafuta watoto wenye akili, utii na uvumilivu. Mvulana mwenye kipaji cha hesabu, cha uganga au cha sheria hakuwa na mahali pa kukikuza. Msichana hakuwa na njia hiyo kabisa.

Katika miaka ile ile, mtoto mwingine alipita njia tofauti. Paul Panda Farnana, mzaliwa wa pande za Banana kwenye mlango wa mto Kongo mwaka 1888, alipelekwa Ubelgiji mwaka 1900, akalelewa Brussels na Louise Derscheid. Mwaka 1907 alipata diploma ya kilimo cha bustani huko Vilvoorde. Hali yake yathibitisha kwamba upungufu haukuwa katika akili za watoto wa Kongo. Lakini Panda alipata nafasi hiyo kwa wema wa nyumba moja, wala si kwa sheria ya nchi. Wema wa nyumba moja hauwezi kuwa utaratibu wa elimu wa taifa.

4. Mwanafunzi anaandika

Kaoze hakubaki chombo cha wengine. Angali mseminari, aliandika kwa Kifaransa insha juu ya saikolojia ya Wabantu, iliyotolewa Ubelgiji katika miaka ya 1910 na 1911 kwa msaada wa Padri Arthur Vermeersch, Mjesuiti. Huhesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Mkongo kuchapishwa kwa lugha hiyo. Mpangilio wake ni wa falsafa ya seminari, na baadhi ya hukumu zake ni za walimu wake. Hata hivyo, ndani yake kijana wa Marungu anaeleza akili, hiari na hisia za watu wake kama mtu anayewajua kwa ndani. Baadaye aliandika pia juu ya historia ya koo za nchi yake. Hivyo kumbukumbu ambayo zamani ingalitunzwa kwa mdomo ilirudi kwa njia ya kalamu. Mwaka 1947 aliingia katika Baraza la Serikali la koloni. Alifariki mwaka 1951.

5. Hitimisho

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na kile cha Elisabethville mwaka 1956. Mwaka huo wa 1956 Thomas Kanza, asiye padre, alihitimu chuo kikuu huko Louvain: ni miaka 39 tangu upadre wa Kaoze. Ilipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada za chuo kikuu hawakuzidi 30 katika nchi nzima.

Kwa hiyo mafanikio ya Kaoze yasisomwe kama sifa ya utaratibu uliomlea. Utaratibu ule ulijua kumtambua mtoto mwenye kipaji. Haukutaka kuwajua wengi. Taifa linalongoja mtu mwingine achague watoto wake wachache kwa haja yake litalipa deni hilo siku ya kujitawala, kama Kongo ilivyolilipa.