Homosisteini: Neno na Maana Yake

Neno homosisteini limeanza kuonekana katika vyeti vya maabara kabla halijapata makao katika lugha yetu, na mtu wa Luena, mji wa makaa ya mawe ulio kwenye reli iendayo Bukama na Kamina, akirudi kutoka Lubumbashi na karatasi yenye neno hilo, huenda akawa na tarakimu mkononi asiwe na mtu wa kumfasiria.

Asili yake ni Kiyunani. Mwaka 1810 tabibu Mwingereza William Hyde Wollaston alikuta, ndani ya jiwe lililotoka katika kibofu cha mgonjwa, kitu ambacho baadaye kiliitwa sistini kwa sababu Wayunani walikiita kibofu kwa jina la namna hiyo. Sisteini ni jamaa yake wa karibu. Na mwaka 1932 Vincent du Vigneaud, huko Marekani, akapata kutokana na methionini kitu kilichofanana na sisteini, ila kimeizidi kwa atomu moja ya kaboni na hidrojeni zake, ndipo kikatangulizwa homo, yaani sawa. Kulifasiri neno hili kipande kwa kipande kungemrudisha msomaji kwenye kibofu, ilhali habari yenyewe ni ya damu. Kwa hiyo naona afadhali tulipokee kwa sauti yake, tuliandike homosisteini, na tulieleze kuwa ni asidi amino ya kati, ambayo mwili huifanya wenyewe kutokana na methionini ya samaki, nyama, mayai na nafaka.

Nasema ya kati kwa kuwa imesimama kwenye njia panda: ama irejee kuwa methionini, kwa msaada wa foleti na vitamini B12, ama iendelee hata iwe sisteini, kwa msaada wa vitamini B6. Vitamini hizo zikipungua, au figo zikidhoofika, homosisteini hulimbikana. Na kadiri yake ya kawaida ni mikromoli 5 hadi 15 katika lita moja ya plazma.

Mwaka 1969 Kilmer McCully alidai kwamba wingi wake huharibu mishipa ya damu, na kwa kweli waliozidiwa nayo wameonekana kupatwa zaidi na kiharusi na maradhi ya moyo. Lakini uchunguzi ulioitwa HOPE-2, wa watu 5,522, uliotangazwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa vidonge vya foleti, B6 na B12 viliishusha homosisteini bila kupunguza vifo vya moyo, ijapokuwa viharusi vilipungua kidogo. Basi homosisteini ni dalili kuliko adui, na anayeuza vidonge kwa ahadi ya kuponya moyo anapunja watu.

Dalili hiyo yafaa isomwe kwenye sahani. Foleti, iliyopewa jina la majani kwa Kilatini, imo katika lenga-lenga, maharagi na maini, nayo hupotea katika maji ya kuchemshia. Lenga-lenga basi isipikwe muda mrefu, bali sombe, yaani majani ya muhogo, kwa sababu ya sumu yake haina budi kutwangwa na kuiva barabara. Ama B12 haimo katika jani lolote: hutoka kwa samaki wa Lualaba, nyama, maziwa na mayai, na nyumba inayokula bukari na mboga tupu siku zote huikosa. Fauka ya hayo, sisteini na methionini ndizo zinazoupa mwili salfa ya kuzimua sumu ya muhogo. Ndiyo maana konzo, maradhi ya kupooza miguu ambayo tabibu Trolli aliyaeleza mwaka 1938 huko Kwango, huwashika wale wanaokula muhogo usioloweshwa vya kutosha pasipo kitoweo.

Nawaomba matabibu wetu wasimkabidhi mgonjwa tarakimu peke yake. Wamwulize anakula nini. Wamhimize mwanamke atarajiaye kushika mimba atumie foleti mapema, kwani uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za kwanza. Na kwa mzee mwenye upungufu wa damu, waitazame B12 kabla ya kumpa foleti, maana foleti peke yake huweza kuirekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.