Taharuki mwanzoni mwa filamu: Kinachoonyeshwa na kinachofichwa

Taharuki ni ile hamu ya kutaka kujua litakalofuata. Mwandishi wa riwaya huijenga kwa maneno. Mwelekezi wa filamu huijenga kwa picha, na mara nyingi huwa amekwisha kuijenga kabla mhusika wa kwanza hajafungua kinywa.

Mfano mwafaka nchini Kenya ni Kati Kati, filamu iliyoelekezwa na Mbithi Masya na kutuzwa na shirikisho la kimataifa la wahakiki wa filamu, FIPRESCI, katika Tamasha la Toronto mwaka 2016. Kaleche, anayeigizwa na Nyokabi Gethaiga, anazinduka peke yake nyikani akiwa amevaa vazi la mgonjwa wa hospitali. Hakumbuki amefikaje huko. Anayaona majengo kwa mbali, anayaelekea, na huko ndiko anakoambiwa kwamba yeye ni marehemu.

Fumbo hilo halikuhitaji giza wala radi. Limetokana na vitu viwili visivyopatana: vazi la hospitali na nyika isiyo na hospitali. Aidha, mtazamaji hapewi habari zaidi ya zile alizo nazo Kaleche. Wote wawili wanatafuta jibu moja.

Kamera ina njia kadhaa za kuzaa hali hiyo. Picha ya mbali humfanya mhusika aonekane mdogo na mpweke. Picha ya karibu huonyesha mkono au kiatu na kuficha uso wa mwenyewe. Kamera inapotazama kwa macho ya mtu asiyeonekana, mtazamaji huuliza: ni nani huyu anayechungulia?

Mandhari nayo hukamilisha kazi. Nyika ya Kati Kati hutisha kwa uwazi wake. Huko Nyamache, katika Kaunti ya Kisii, hali ni kinyume: vilima vimesongamana, vijia hupotelea kati ya migomba na mashamba ya majani chai, na ukungu wa asubuhi huweza kuificha nyumba ya jirani. Kwa vijana wanaotayarisha filamu fupi, zikiwemo zile za Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu la shule na vyuo, hiyo ni hazina isiyohitaji fedha.

Hata hivyo, hazina hiyo ina hatari yake. Njia rahisi ya kuanza filamu ya mafumbo katika mandhari kama hayo ni kuonyesha kibanda cha ajuza usiku, moshi ukifuka, kamera ikinyemelea mlangoni. Picha hiyo hugeuza uzee na upweke kuwa ushahidi. Mnamo Mei 2008, watu wasiopungua 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto katika eneo la Kisii wakishukiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa shutuma hizo hizo huko Marani, katika kaunti hiyo hiyo. Filamu haikusababisha vifo hivyo, lakini picha inayomfanya mkongwe kuwa wa kutiliwa shaka hutumia tuhuma ile ile iliyowaangamiza.

Tiba si kuacha mafumbo, bali kubadilisha mahali kamera inaposimama. Kamera ikianza ndani ya kibanda, mtazamaji atamwona ajuza akichochea moto wa kupikia, kisha atasikia nyayo nje. Ajuza anauliza ni nani, hakuna anayejibu. Kibanda ni kile kile, moshi ni ule ule, na taharuki haijapungua. Kilichobadilika ni swali: mtazamaji hajiulizi tena mkongwe huyo anaficha nini, bali ni nani waliomjia usiku na wanataka nini. Mwelekezi huamua jambo hilo kabla ya kuwasha kamera.